Kifaa cha Kupimia Nacho ni Kompyuta

Ijumaa ya tarehe 3 Agosti 2018, viwanda vya kampuni ya TSMC nchini Taiwan vilianza kusimama kimoja baada ya kingine. TSMC ndiyo inayozitengenezea kampuni nyingi kubwa duniani chipu za simu na kompyuta, na mitambo yake ni ya bei ya kutisha. Hakuna mdukuzi aliyevunja uzio kutoka nje. Mtambo mpya uliletwa, ukawekewa programu zake, kisha ukaunganishwa na mtandao wa kiwanda kabla ya kukaguliwa virusi. Ndani yake kilikuwemo kirusi cha ukoo wa WannaCry, kile kilichoitikisa dunia Mei 2017, nacho kikaenea Hsinchu, Taichung na Tainan. Uzalishaji ulirejea kikamilifu baada ya siku tatu hivi, na makadirio ya kwanza ya kampuni yalisema mapato ya robo ile ya mwaka yangepungua kwa takriban asilimia 3.

Tundu ambalo kirusi hicho hupitia lilikuwa na dawa tangu zamani. Microsoft walitoa kiraka chake Machi 2017, zaidi ya mwaka mzima kabla ya mkasa huo. Mitambo iliyougua ilikuwa ya Windows 7 isiyo na kiraka hicho.

Ni rahisi kusema kwamba wahandisi wale walizembea. Ukweli ni kwamba walifanya kile kinachofanywa na karibu kila maabara na kila karakana ya upimaji: kifaa kinachofanya kazi vizuri hakiguswi. Mtengenezaji amekijaribu kikiwa na toleo fulani la programu, cheti chake kimetolewa kikiwa na toleo hilo, na anayebadilisha chochote hujitwika dhamana ya matokeo. Kanuni hiyo ilikuwa sahihi zamani, kifaa kilipokuwa hakizungumzi na yeyote nje ya chumba. Leo ni ya hatari. Lakini kinyume chake, yaani kukisasisha kifaa cha kupimia kila mwezi kama kompyuta ya mhasibu, nacho ni kosa. Hoja yangu katika safu hii ni kwamba masasisho ya vifaa hivi yanapaswa kuhamishwa kutoka kalenda ya TEHAMA kwenda kalenda ya ugezi, yaani ya kukilinganisha kifaa na kipimo cha rejea, na kwamba pale ambapo kifaa hakiwezi kusasishwa tena, ulinzi wake ujengwe nje yake.

Kilichomo ndani ya sanduku

Oskiloskopu ya miaka ya 1970, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, ilikuwa saketi, kioo na vitufe. Ilipohitaji kuzungumza na kompyuta ilitumia waya mnene wa GPIB, uliozaliwa katika maabara za Hewlett-Packard na kupitishwa kuwa kiwango cha IEEE 488 mwaka 1975. Urefu wa nyaya hizo zote kwa pamoja haukuruhusiwa kuzidi mita 20. Mtu aliyetaka kukichezea kifaa ilimbidi kwanza apite mlangoni.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji waliona hakuna haja ya kubuni upya skrini, diski, printa na kadi ya mtandao ilhali kompyuta ya kawaida inavyo vyote. Oskiloskopu za Infiniium za Hewlett-Packard, zilizoingia sokoni mwaka 1997, ziliendeshwa na Windows. Tektronix, LeCroy na Rohde & Schwarz nao waliitia Windows katika vifaa vyao vya daraja la juu. Mwaka 2004 ukaundwa muungano wa LXI, na mwaka uliofuata ukatoa kiwango cha kuunganisha vifaa vya kupimia kwa waya ule ule wa mtandao unaotumika ofisini. Tangu hapo kifaa kina anwani yake ya mtandao, kina ukurasa wake unaofunguka katika kivinjari, na mhandisi anaweza kukiendesha akiwa jengo jingine au mji mwingine.

Kilichobaki nyuma ni lugha. Vifaa hivi huamrishwa kwa SCPI, seti ya amri iliyotangazwa mwaka 1990, enzi za waya wa mita 20. Unatuma *IDN? kifaa kinajitaja: mtengenezaji, modeli, namba ya utambulisho, toleo la programu. Unatuma amri ya kupandisha volti, volti inapanda. Kwa kawaida hakuna nywila, wala swali la wewe ni nani. Katika vifaa vingi amri hizo hupokelewa kupitia mlango wa mtandao namba 5025, na yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza kubisha. Waliobuni lugha hiyo hawakukosea. Walidhani anayebisha yumo chumbani.

Kutokuwa na Windows si kinga. Vifaa vingi vidogo huendeshwa na Linux, au na mifumo maalumu kama VxWorks isiyoonekana kabisa machoni pa mtumiaji. Julai 2019 watafiti wa kampuni ya Armis walitangaza udhaifu 11 katika sehemu ya VxWorks inayoshughulikia mtandao, na sita kati yake ulimwezesha mshambuliaji kuendesha programu yake ndani ya kifaa akiwa mbali. Mwenye kifaa cha aina hiyo hana dirisha la Windows la kumkumbusha kusasisha. Huenda hata hajui kwamba ndani yake mna mfumo endeshi.

Umri usiolingana

Kichanganuzi cha masafa cha daraja la juu kinaweza kuwa na bei ya nyumba. Anayekinunua anatarajia kukitumia miaka 15 au 20, na kwa upande wa vipimo vyenyewe matarajio hayo ni halali: kikitunzwa na kufanyiwa ugezi kwa wakati, kitaendelea kupima vizuri. Mfumo endeshi hauna umri huo. Windows XP ilitoka mwaka 2001 na viraka vyake vya kawaida vikakoma tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ilitoka mwaka 2009 ikafikia mwisho tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Yapo matoleo ya muda mrefu yaliyotengenezwa kwa ajili ya mitambo, kama Windows 10 IoT Enterprise LTSC 2021 ambayo viraka vyake vimeahidiwa hadi Januari 2032, lakini hata hayo ni ya miaka kumi hivi tu.

Hesabu ni nyepesi. Kifaa kilichonunuliwa mwaka 2012 kikiwa na Windows 7 kilikuwa na miaka minane tu ya viraka, na sasa kiko katika nusu ya pili ya maisha yake ya kazi bila kiraka chochote. Kukipandisha hadi mfumo mpya mara nyingi hakuwezekani: kadi ya ndani inayopokea mawimbi ina draiva iliyoandikwa kwa mfumo ule, na mtengenezaji ameshaacha kuishughulikia modeli hiyo. Wakati mwingine huuza diski mpya yenye mfumo mpya, wakati mwingine hakuna njia ila kununua kifaa kingine.

Kwetu Afrika Mashariki pengo hili ni pana zaidi. Vyuo na karakana nyingi hununua vifaa vilivyokwisha tumika Ulaya au Marekani, au hupewa na miradi. Kifaa kinafika kikiwa na umri wa miaka kumi, kikiwa na mafaili ya mwenye nacho wa kwanza, nywila zake, na pengine virusi vyake. Upande wa afya, mashine za GeneXpert za kupima kifua kikuu, ambazo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha teknolojia yake Desemba 2010, zimesambaa katika hospitali zetu hadi wilayani, na kila moja hufanya kazi sambamba na kompyuta. Hiyo ni kompyuta yenye majina ya wagonjwa na majibu yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 haziweki msamaha kwa sababu kompyuta hiyo iko maabara badala ya masjala.

Uingereza waliionja hatari hii, na takwimu zipo. WannaCry ilipopiga hospitali zao Mei 2017, ukaguzi wa serikali ulibainisha kwamba vifaa vya uchunguzi 1,220 viliambukizwa. Vilikuwa asilimia 1 tu ya vifaa vyote vya aina hiyo, lakini hesabu hiyo haikuhusisha vile vilivyochomolewa kwenye mtandao kwa hofu ya kuambukizwa. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani hakuona tofauti kati ya mashine iliyougua na iliyozimwa kwa tahadhari.

TEHAMA na maabara, wote wana haki

Katika taasisi nyingi mgogoro huenda hivi. Kitengo cha TEHAMA hupiga skani mtandao, hukuta mashine yenye mfumo uliokwisha muda wake, huandika barua ikitaka isasishwe au iondolewe. Mkuu wa maabara hujibu kwamba hicho si kompyuta, ni kifaa cha kupimia, na kisiguswe na mtu. Barua zinapishana, kifaa kinabaki kwenye mtandao kama kilivyokuwa.

Hofu ya maabara ina msingi. Juni 2021 Microsoft walianza kukaza usalama wa DCOM, njia ya zamani ambayo programu mbili za Windows hutumia kuzungumza kupitia mtandao. Juni 2022 ukazaji huo ukawashwa wenyewe, na Machi 2023 uwezo wa kuuzima ukaondolewa. Kwa ofisi hakikutokea kitu. Kwa baadhi ya viwanda vilivyotegemea OPC ya kizazi cha kwanza, mfumo wa kubadilishana data za mitambo uliojengwa juu ya DCOM, data ziliacha kufika ghafla, na mafundi wakatafuta hitilafu kwenye nyaya na vihisi kabla ya kugundua kwamba mkosaji ni sasisho. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliziangusha kompyuta za Windows milioni 8.5 kwa mkupuo. Na huhitaji msiba wa dunia nzima: sasisho linaloiwasha upya kompyuta saa tisa usiku hukatiza jaribio la joto lililokuwa limebakiza saa mbili kukamilika, na programu ya kupambana na virusi inayopekua diski wakati kifaa kinarekodi mawimbi inaweza kuangusha sampuli bila kumwambia mtu.

Hofu ya TEHAMA nayo ni ya kweli. Kifaa kimoja kisicho na viraka hakihatarishi maabara peke yake. Kirusi kikishaingia humo, kina ngazi ya kupandia kwenye seva ya mishahara. Hata upatanifu huleta madhara ya kinyume. Tangu toleo la 1709 la Windows 10, itifaki ya zamani ya kushirikisha mafaili, SMB toleo la 1, kwa kawaida haiwekwi yenyewe; ndiyo itifaki ambayo WannaCry ilipitia. Oskiloskopu ya Windows XP haijui itifaki nyingine. Fundi anayetaka kuchukua faili lake huiwasha SMB 1 kwenye kompyuta yake mpya ili zielewane. Kwa hiyo badala ya kifaa kipya kukivuta cha zamani juu, cha zamani kimekishusha kipya.

Pande hizi mbili hazitapatana kwa kubishana nani ana haki, kwa kuwa kila mmoja analinda kitu chake: TEHAMA inalinda mtandao, maabara inalinda kipimo. Kinachokosekana ni wakati mmoja unaokubalika kwa wote wa kukigusa kifaa. Wakati huo upo tayari na unajulikana.

Kalenda ya ugezi

Kila kifaa cha kupimia kinachoheshimika hupelekwa kwenye ugezi, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, kikalinganishwe na kipimo cha rejea na kupewa cheti, iwe katika maabara ya Shirika la Viwango Tanzania, ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kule Nairobi, au ya kampuni binafsi iliyothibitishwa. Siku hizo kifaa hakina kazi nyingine. Kimetolewa kwenye laini, watumiaji wamearifiwa, na kikirudi kitakuwa na ushahidi wa maandishi kwamba kinapima sawa. Hakuna wakati bora wa kuweka masasisho.

Mpangilio wa hatua ndio wenye maana. Kwanza kifaa kipimwe kama kilivyokutwa, kabla ya kuguswa. Vipimo hivyo ndivyo vinavyothibitisha kwamba kazi zote za mwaka uliopita zilikuwa sahihi. Ukisasisha kwanza umeufuta ushahidi huo, na kikikutwa kimepotoka hutajua kama kilipotoka miezi sita iliyopita au dakika kumi zilizopita. Baada ya hapo ichukuliwe nakala ya diski nzima. Ndipo yawekwe masasisho: ya mfumo endeshi, ya programu ya kifaa, na ya saketi zake za ndani kama yapo. Mwisho kifaa kipimwe tena kama kilivyoachwa, na cheti kitolewe juu ya toleo hilo jipya. Kama matokeo yamebadilika, nakala ya diski inarudishwa na mtengenezaji anaulizwa.

Huu si ubunifu wangu nje ya utaratibu. Kiwango cha ISO/IEC 17025 cha mwaka 2017, ambacho taasisi za ithibati, SADCAS ya Gaborone na KENAS ya Kenya, hukitumia kuzithibitisha maabara, kinadai kumbukumbu za kila kifaa zitaje toleo la programu yake ya nje na ya ndani. Kinadai pia kwamba mabadiliko ya programu za maabara yaidhinishwe, yaandikwe na kuhakikiwa kabla ya kutumika. Maabara nyingi hutimiza dai la kwanza siku kifaa kinaponunuliwa, kisha karatasi hiyo haifunguliwi tena. Kuunganisha masasisho na ugezi kunatimiza madai yote mawili kwa kazi moja.

Pingamizi la haki ni kwamba mwaka ni mrefu. Kiraka cha dharura kikitoka Februari na ugezi ni Novemba, tutasubiri? Kwa kifaa kilichowekewa uzio mzuri wa mtandao, ambao nitaueleza hapa chini, jibu mara nyingi ni ndiyo. Kwa kile kisichoweza kuwekewa uzio, kisitegemewe kiraka peke yake hata siku moja: kichomolewe hadi kiraka kijaribiwe kwenye kifaa pacha au hadi mtengenezaji atoe kauli. Baadhi yao husema wazi kwamba viraka vya usalama vya Microsoft vinaruhusiwa na haviathiri dhamana. Kauli hiyo itafutwe kabla ya dharura, iwekwe kwenye faili la kifaa.

Pale ufa usipozibika

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, wakituonya juu ya uvivu. Kwa kifaa cha Windows XP hakuna wa kumlaumu: ufa hauzibiki, na ukuta ndio kazi yenyewe.

Ukuta wa kwanza ni kuvitenga vifaa vya kupimia katika mtandao wao mdogo. Swichi nyingi za leo zinaweza kuugawa mtandao mmoja vipande bila kuvuta waya mpya. Kati ya kipande hicho na ofisi iwekwe ngome ya mtandao yenye kanuni fupi: kompyuta fulani tu, zilizotajwa kwa majina, ndizo zinazoruhusiwa kukifikia kifaa fulani, na kupitia milango inayohitajika tu. Kifaa chenyewe hakina sababu ya kwenda intaneti. Oskiloskopu haisomi barua pepe, na ile inayosoma ina mtumiaji anayehitaji kuitwa ofisini.

Mafaili yapite katikati. Badala ya kila kompyuta kuingia kwenye diski ya kifaa, iwepo kompyuta moja iliyosasishwa ambayo huyachukua matokeo kutoka upande wa vifaa, huyakagua, na kuyaweka mahali ofisi inapoweza kuyasoma. SMB 1 ikilazimika kubaki, ibaki kwenye kompyuta hiyo moja tu.

Ndani ya kifaa pia kuna kazi isiyohitaji kiraka. Huduma zisizotumika zizimwe: kushirikisha mafaili, kuendesha skrini kutoka mbali, ukurasa wa kivinjari kama hakuna anayeufungua. Nywila za kiwandani zibadilishwe, maana zimechapwa kwenye kitabu cha maelekezo ambacho kila mtu anaweza kukipakua. Pale inapowezekana, programu zinazoruhusiwa kuendeshwa ziorodheshwe na nyingine zote zikataliwe. Njia hii inakifaa kifaa cha kupimia kuliko programu ya kusaka virusi, kwa sababu orodha yake ya programu haibadiliki mwaka mzima.

Kuna wanaosema dawa ni moja: chomoa waya wa mtandao, mambo yaishe. Wangekuwa sahihi kama data zisingehitaji kutoka. Zikikosa waya zitatoka kwa flashi, na flashi ina historia yake. Kirusi cha Conficker, kilichoonekana mara ya kwanza Novemba 2008, kilienea kwa mtandao na kwa flashi pia. Flashi inayotoka kwenye kompyuta ya mwanafunzi, ikapita duka la fotokopi, ikaishia kwenye oskiloskopu ya chuo, ni mtandao pia, tena usio na ngome. Maabara iliyochomoa waya inapaswa kuwa na flashi zake zenye alama, zisizotoka chumbani, na kompyuta moja ya kuzikagulia mlangoni.

Mlango wa mwisho ni fundi wa nje. Kompyuta mpakato yake imepita kwa wateja wengi, na huunganishwa moja kwa moja na kifaa, ndani kabisa ya uzio. Mkasa wa TSMC ulianzia huko huko ndani, kwenye mtambo mpya ambao haukukaguliwa. Kila kinacholetwa kuunganishwa, kiwe kipya, kimetoka matengenezo au ni cha mgeni, kikaguliwe kabla ya kuguswa na waya. Na kinachotoka nacho kiangaliwe. Kifaa kinachopelekwa kutengenezwa au kuuzwa hubeba diski yenye matokeo, mipangilio na nywila za mtandao wako. Kabla ya kuifuta diski hiyo, soma maelekezo ya mtengenezaji, kwani katika baadhi ya vifaa data za ugezi hukaa humo humo, na anayezifuta amejinunulia ugezi mpya.

Vita vinavyoshindwa kwenye zabuni

Yote niliyoeleza ni matibabu ya kifaa kilichokwisha nunuliwa. Nafuu kubwa iko kabla ya hapo. Nyaraka nyingi za zabuni za vifaa vya kupimia hutaja masafa, usahihi, idadi ya chaneli na dhamana ya mwaka mmoja. Mfumo endeshi hautajwi, kana kwamba kifaa kinaendeshwa na umeme peke yake.

Mambo manne yaandikwe. Mfumo endeshi ni upi, toleo lipi, na viraka vyake vitakoma tarehe gani? Mtengenezaji anaruhusu mnunuzi kuweka viraka vya usalama, na kama haruhusu, ataviweka yeye kwa muda gani na kwa bei gani? Kifaa kitafika na ripoti ya kukaguliwa virusi na orodha ya huduma na milango ya mtandao iliyo wazi? Diski inaondoka kwa urahisi, na nakala ya kukirejesha inatolewa pamoja na kifaa? Tofauti ya bei kati ya kifaa chenye toleo la muda mrefu na kisicho nalo ni ndogo ukiilinganisha na kununua upya miaka sita baadaye.

Muuzaji atakayesema hajawahi kuulizwa maswali hayo ataulizwa sana miaka ijayo. Januari 2022 jumuiya ya sekta ya chipu, SEMI, ilichapisha kiwango E187 cha usalama wa mitambo ya viwanda vyao, na Taiwan ilikuwa mstari wa mbele kukiandaa, kwa sababu zinazoeleweka. Umoja wa Ulaya nao una Sheria ya Ustahimilivu wa Kimtandao, iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 2024. Wajibu wake mkuu utaanza kudaiwa tarehe 11 Desemba 2027, na unamtaka mtengenezaji wa bidhaa yenye sehemu za kidijitali ashughulikie udhaifu wake kwa muda wa angalau miaka mitano, isipokuwa bidhaa inayotarajiwa kutumika kwa muda mfupi zaidi. Mtengenezaji hatengenezi oskiloskopu moja ya Munich na nyingine ya Morogoro. Anayeuza Ulaya atakuwa na majibu, na sisi tunachotakiwa ni kuuliza tu.

Aanze wapi mwenye maabara

Maabara yenye bajeti ndogo haiwezi kufanya yote kwa mwaka mmoja, na haihitaji. Orodha inatangulia: kila kifaa chenye tundu la mtandao au la flashi, mfumo wake endeshi, toleo lake, tarehe ya mwisho wa viraka, na tarehe ya ugezi ujao. Kuitengeneza hakugharimu kitu zaidi ya kalamu na kuzunguka chumba. Kisha nakala ya diski ya kila kifaa, kwa sababu diski hufa hata bila virusi, hasa umeme unapokatika ovyo. Baada ya hapo uzio. Masasisho yenyewe yanakuja mwisho, kifaa kimoja kimoja, kadiri zamu ya ugezi inavyofika.

Na jina la mtu liandikwe kwenye kila mstari wa orodha hiyo, jina moja, la mtu anayejibu kwa kipimo na kwa mtandao pia. Vifaa vingi vilivyoachwa bila viraka havikuachwa kwa uamuzi. Viliachwa kwa sababu TEHAMA iliamini ni vya maabara na maabara iliamini ni kazi ya TEHAMA. Wakuu wa maabara na wakuu wa TEHAMA wakae meza moja kabla ya ugezi ujao, waamue nani anajibu kwa kila kifaa, na waandike. Wasipofanya hivyo, kirusi hakitawauliza kifaa ni cha idara gani.